Transfoma Chini ya Sufuria ya Makande

Mbele ya uso wake watu wa Kighare walimwita Fundi Eliufoo. Akishapinda kona walimwita Mume wa Kuhamia, kwa sababu huko Ugweno, milima ya Upare wa kaskazini, mwanamke ndiye humfuata mwanamume, na yeye alifanya kinyume. Alikuwa mtu wa Upare wa kusini. Mwingereza alimpeleka vitani Burma kubeba redio ya jeshi mgongoni, na vita vilipokwisha wenzake walinunua ng'ombe, yeye akarudi na sanduku la nyaya. Akafungua kibanda cha kutengeneza redio sokoni Same, akamwoa Lea, binti wa Kighare aliyekuwa akishona nguo kwenye baraza la jirani. Halafu chama cha kahawa cha Kighare kikanunua jenereta kuukuu ya jeshi ya kuendeshea mashine ya kumenya kahawa, kikakosa mtu wa kuzijua hasira zake. Lea akasema kwao wanatafuta fundi. Basi fundi akafunga virago, akapanda mlima, wakapewa nyumba kando ya banda la mashine. Aibu iko wapi hapo? Lakini kijiji ni kijiji, na kisipokutania ujue kimekuchukia.

Jina la utani halikumsumbua Eliufoo. Kilichomsumbua ni kwamba baba mkwe wake hakuwahi kula nyumbani kwake, tangu siku ya harusi mpaka mvi zilipoanza kumchungulia fundi mwenyewe masikioni. Ukimkaribisha Mzee Simeoni mchana, ameshakula. Ukimkaribisha alfajiri, bado ameshiba cha jana. Aliketi uani kwenye kigoda, akampa Lea habari za migomba, na maneno ya kumwambia mkwewe akayapitisha kwa Lea huyo huyo ingawa wote watatu wako pale: mwambie mumeo mvua inakuja, mwambie mumeo mbuzi wake amelegea kamba. Eliufoo akimwamkia shikamoo, marahaba ilitoka ikielekea kwenye migomba. Na chakula cha mtu ndiyo heshima yake. Kukataliwa chakula mwaka baada ya mwaka kulimkaa Eliufoo rohoni kama mwiba wa samaki kooni.

Yote yalianzia siku ya posa. Mzee alimuuliza kijana kazi yake, kijana akajibu kwa majivuno kwamba anatengeneza redio. Mzee akauliza sauti za watu usiowajua zina faida gani. Eliufoo hakuwa na jibu, na mzee hakuona sababu ya kubadili mawazo.

Tumpe haki yake, kwa maana yeye mwenyewe alikuwa sauti ambayo kila mtu anaijua. Mzee Simeoni ndiye aliyekuwa mpiga pembe wa Kighare. Juu ya kijiji kuna ndiva, bwawa la udongo walilolichimba mababu, linalojaa maji ya kijito usiku na kufunguliwa asubuhi yatiririke kwenye mifereji mpaka mashambani. Ndiva na mifereji haina mwenyewe, ni ya wote, na kazi yake ni ya wote, ndiyo inayoitwa msaragambo. Mpiga pembe hupanda kwenye jabali, akapuliza, na milima inaelewa. Milio mifupi iliyokatwakatwa maana yake kesho msaragambo, njoo na jembe. Mlio unaopanda mwishoni ni msiba. Na mlio mrefu, mzito, usiopanda wala kukatika, huo hausubiri kesho: ndiva imepasuka, acha tonge mkononi ukimbie. Kwenye msaragambo kila nyumba ilitoa mtu, isipokuwa nyumba ya fundi. Mgeni hachimbi mfereji, mzee alisema, na akalisema kwa upole hasa, kana kwamba anamfanyia hisani.

Kisha meno yakamtoka mzee. Kwanza la mbele juu, halafu jirani zake wakalifuata kama kondoo. Pembe inataka midomo iliyobana na meno ya kuegemea, na yeye sasa akipuliza, upepo ulitoka pembeni na pembe ikakoroma. Safari moja aliita msaragambo, upande wa pili wa bonde wakasikia msiba, wakaja na kuni na nyuso za huzuni. Hezroni, mzee wa ndiva, aliyekuwa mtu wa kucheka na mwenye huruma, alimfuata nyumbani kumweleza polepole kwamba huenda pembe ikahitaji mdomo mwingine, labda wa ukoo wa ng'ambo ya kijito. Mzee Simeoni alimkubalia kwa heshima zote. Baada ya hapo akaacha kupanda jabalini, akaacha kwenda kilabuni, akawa anakaa mlangoni kwake akilitazama ziwa Jipe linavyong'aa chini kule bondeni.

Lea alimwambia mumewe jambo moja tu: baba yake amebakiwa na sauti, ila haifiki mbali. Eliufoo hakulala usingizi wa maana wiki ile. Hapa palikuwa na jibu la lile swali la siku ya posa.

Akashuka Same na gari la mizigo, akarudi na gunia. Ndani mlikuwa na tarumbeta la chuma la kutangazia, lenye kovu la risasi, taa za redio za kukuzia sauti, zilizokufa nusu, maikrofoni ya jeshi, na transfoma kubwa iliyong'olewa kwenye gari la jeshi lililokuwa likioza nyuma ya gereji. Transfoma ni kitu chepesi kueleza na kizito kubeba: vipande vyembamba vya chuma vimepangwa pamoja kama kurasa za Biblia, na waya wa shaba umezungushwa juu yake mara nyingi. Umeme wa jenereta unaingia upande mmoja, unatoka upande wa pili ukiwa na nguvu unayoitaka. Hii ya Eliufoo ilikuwa imekaa kwenye mvua, kutu imeingia kati ya kurasa, na mojawapo ya skrubu zake haipo. Alijua kasoro zake. Ila mkono mtupu haulambwi, na yeye hakuwa na nyingine.

Siku ya kujaribu ilikuwa alasiri njema ya jua. Tarumbeta lilifungwa juu ya mti, mdomo ukielekea bondeni. Eliufoo akawasha jenereta, akaingia bandani, akainamia sanduku la kukuzia sauti alilolifunga kwa vitu hivyo, kuangalia taa zinavyoamka. Kwa kelele za injini pale kando yake hakusikia kitu kingine. Huko nje, tarumbeta lilikuwa limeanza kuvuma. Sauti nzito, ndefu, isiyopanda wala kukatika, ikamwagika kutoka Kighare ikapiga mlima wa pili ikarudi.

Bonde zima likachomoka. Wanaume walitoka na majembe, wengine wamebeba magogo ya migomba ya kuzibia ufa. Wanawake walikuja na ndoo na watoto mgongoni. Hezroni alikuja na shavu moja limenyolewa na la pili limejaa povu la sabuni. Aliyetangulia kuliko wote alikuwa Mzee Simeoni, aliyesahau umri wake, jembe begani, akihema na kuuliza njia nzima ni nani aliyepewa pembe bila yeye kuambiwa. Wakafika ndivani. Ndiva ilikuwa imetulia, kingo nzima, vyura wanaota jua. Na mvumo bado unaendelea, pasipo mtu wa kuvuta pumzi.

Wakaufuata mpaka kwenye banda la mashine. Wakamkuta fundi amewapa mgongo, kichwa ndani ya sanduku, anapiga mluzi wa wimbo wa kanisani. Hezroni alimgusa bega kwa mpini wa jembe. Eliufoo aligeuka akaona mlango umejaa majembe, na wanaomjua wanasema hapo ndipo alipoota mvi zilizobaki.

Walicheka, lakini si mara moja. Kwanza walikasirika, maana kuna aliyeacha ugali ukiungua na aliyeacha ng'ombe kwenye mahindi. Mtu mmoja akasema debe tupu haliachi kuvuma, ndipo kicheko kikaanzia hapo. Mzee Simeoni peke yake hakucheka. Alimtazama binti yake, akasema, "Mwambie mumeo pembe haichezewi." Akaondoka na jembe lake.

Hezroni alijifuta povu, akakata shauri mbele ya wote. "Siku ya kusafisha mifereji kabla ya vuli iko karibu," alisema. "Chombo hiki kikijua kunyamaza mpaka kiambiwe kusema, Mzee Simeoni ataita nacho. Kikivuma tena, pembe inavuka kijito, na chombo kinashuka Same."

Eliufoo aliona aibu iliyomfika hata miguuni. Alikuwa amempa mzee mbio za bure na fedheha juu yake. Lakini jeshi lilikuwa limemfundisha jambo moja: kelele nayo ni adui, na adui huulizwa kwanza anatokea wapi.

Akaanza kuuliza. Alichomoa waya wa tarumbeta, akatega sikio kwenye sanduku lenyewe. Lilivuma bado, kwa udogo, na ukiweka kidole juu ya transfoma kilitetemeka. Huo ni mvumo wa mwili, akasema: kurasa za chuma zimelegea, na sumaku inazivuta na kuziachia bila kupumzika. Dawa yake ni kuzibana. Akachonga kabari za mti mgumu akazipigilia, akatafuta skrubu ya kujaza pengo, kisha akaomba nta kwa wafuga nyuki. Nta inataka kuyeyushwa polepole. Akachukua sufuria nyepesi ya alumini ya Lea, ile ya kuchemshia maziwa, akayeyushia humo na kuizamisha transfoma mpaka ilipoacha kutoa mapovu. Ilipopoa ilikuwa kimya kama mtu aliyeshiba. Lea alionja maziwa yake ya jioni, akayatema, akauliza kama sasa wanafuga nyuki ndani ya chai.

Akaziba mdomo wa tarumbeta kwa blanketi bonde lisisikie, akarudisha waya. Likavuma vile vile.

Hapo ndipo angekata tamaa mtu mwingine. Eliufoo alikaa chini akafikiri. Mwili umenyamaza, tarumbeta linavuma, basi mvumo hausafiri kwa hewa. Kwenye sanduku palikuwa na transfoma nyingine ndogo, ya maikrofoni, kazi yake kupokea sauti dhaifu ya mtu na kuikabidhi kwa taa ziikuze. Sumaku ya transfoma kubwa, mbovu kama ilivyo, haikai yote ndani ya chuma chake. Nyingine inamwagika nje, na hiyo ndogo, kwa kuwa haina ubaguzi, inaipokea kama vile inavyopokea sauti, taa zinaikuza, tarumbeta linaitangazia Kighare yote. Ni kama jirani mmbeya aliyekaa karibu na dirisha. Akajua cha kumzuia ni ukuta. Akaifunika transfoma kubwa kwa ile sufuria ya maziwa, maana ilikuwa imeshaharibika jina. Tarumbeta halikujali hata kidogo.

Basi akatengeneza pua ya kunusia sumaku. Alizungusha waya mwembamba kwenye kipande cha mti, akauunga na kisikilizio cha simu ya jeshi, akakiweka sikioni na kuanza kuipitisha ile pua kuzunguka transfoma. Mahali pengine kisikilizio kilinguruma, pengine kilinong'ona. Akagundua kwamba akiilaza pua kwa namna fulani, sauti inakufa karibu yote, kumbe sumaku ina njia zake za kupita kama maji yalivyo na mfereji. Ukikaa mbavu kwa njia hiyo, inakupita. Akaing'oa transfoma kubwa, akaitoa kabisa ndani ya sanduku, akaiweka mwisho wa ubao, mbali na ile ndogo, kisha akaigeuza taratibu huku kisikilizio kikiwa sikioni mpaka ilipokuwa imelala kuikingamia ile ndogo. Mvumo ukashuka mpaka ukabaki mdogo, kama mbu nyuma ya pazia. Ila katika bonde linalosikiliza, hata mbu ni pembe.

Alikuwa bado amechuchumaa hapo Lea alipoingia kudai sufuria yake. Alisema ataisugua kwa jivu mpaka imkumbuke ng'ombe, lakini haikubali tena kuwa kofia ya mashine. Kama mumewe anapenda sana kufunika vitu, achukue ile kubwa ya chuma ya makande, ambayo ni ya sikukuu na leo haina kazi. Akaibeba kwa mikono miwili, nyeusi tii kwa masizi ya miaka, akaibwaga juu ya transfoma badala ya ile ya alumini. Eliufoo, kisikilizio kikiwa bado sikioni, aliinua mkono kumwomba asiongee.

Mbu alikuwa ametoweka. Alumini sumaku haiioni, inapita tu kama hewa. Chuma kizito kinaikamata na kuizungusha humo humo ndani. Alilijua hilo tangu Burma, akalisahau kwa kuwa alichukua sufuria iliyokuwa karibu. Alicheka mpaka machozi, akamwambia mkewe ameitibu mashine. Lea akajibu kwamba yeye amekuja kutafuta sufuria yake ya maziwa tu, na akaondoka nayo. Eliufoo akaiegemeza ile nzito juu ya mafiga matatu ya mawe madogo, ili transfoma ipate hewa isichemke.

Siku ya kuita ilipofika, Mzee Simeoni alikuja kwa sababu Hezroni alimbembeleza, wala si kwa sababu aliamini. Lea akasimama naye chini ya mti wenye tarumbeta, maikrofoni mbele yao. Eliufoo alikuwa bandani penye injini, mkono karibu na swichi, kama kutatokea balaa azime haraka. Akaiwasha. Watu wa milima yote miwili walikuwa wameambiwa wategee sikio.

Tarumbeta likanyamaza.

Mzee alingoja ule mvumo aliousikia mara ya kwanza. Kwake yeye chombo kilicho hai kinavuma, kama vile mtu aliye hai anavyohema. Akangoja tena. Akaligonga shina la mti kwa fimbo. Kisha akamgeukia binti yake, akanena kwa sauti ya chini, na sauti hiyo ya chini ikatoka tarumbetani nzima, kavu, wazi kila herufi, ikavuka bonde.

"Kimekufa, Lea," alisema Mzee Simeoni kwa Kighare yote. "Usimwambie kwa ukali. Kijana wa watu amekonda kwa ajili ya mdomo wangu."

Lea akavuta khanga usoni. Bandani, Eliufoo aliisikia sauti ile kwenye kisikilizio alichokiunga na sanduku ili ajue likivuma tena. Mkono ulikuwa kwenye swichi. Alijua adabu inamtaka azime, mzee asijianike. Hakuzima. Mungu amsamehe, alikuwa amengoja muda mrefu mno.

"Wanangu wa kuzaa hakuna aliyeniuliza nitawaitaje watu," mzee aliendelea. "Huyu ndiye aliyeuliza. Na mimi makande yako nayasikia harufu kila nikipita, nakaza shingo, najisema nimeshiba. Ni ukaidi tu, mwanangu. Leo nakula kwake, chombo kiwe hai, chombo kiwe kimekufa."

Halafu kutoka mlima wa pili, kwa sauti ya kifua isiyohitaji mashine, Hezroni, aliyekwenda huko kusikiliza, akaitikia kwamba wamesikia, na je, hayo makande ni ya saa ngapi.

Mzee Simeoni alilitazama tarumbeta. Akamtazama Lea, ambaye alikuwa amejifunika uso kwa khanga, mabega yakicheka. Wapo wanaosema wangekuwa wao wangekimbia. Lakini mtu aliyeita watu maisha yake yote hashindwi na wasikilizaji. Alijiweka sawa, akakohoa, kikohozi kikafika Jipe, akaita. Kesho alfajiri, msaragambo, ndiva na mifereji yote, majembe na ndoo, na mtegea kazi ajue ataonekana. Akazitaja nyumba moja moja kama desturi ilivyo, na milima ikajibu nyumba kwa nyumba. Sauti yake ilikuwa ile ile, na meno hayakuhitajika. Bandani, fundi alikuwa ameshakiweka kisikilizio chini, anajifuta machozi.

Kwa kuwa wote walikuwa wamesikia, wote walikuja kula. Lea hakuwa na chombo cha kuwatosha ila kimoja, na kimoja hicho kilikuwa kimeivalia transfoma. Akaenda akakinyakua bila kuuliza, injini ikiwa bado inazunguka. Mbu akarudi, akavuma mlimani. Watu waliokuwa njiani wakageuka wakafuate majembe, kisha wakakumbuka, wakaendelea na safari wakicheka. Eliufoo alikimbia kuzima.

Makande yaliiva jua likiwa limeelemea Jipe. Mzee Simeoni aliketi ndani ya nyumba, si uani. Eliufoo alipiga goti na birika na beseni, akamnawisha mikono, akasema shikamoo, baba, macho chini, kwa kuwa hakujiamini kuyainua. Mzee alivikausha vidole vyake bila haraka, akamega, akala, akasema Lea aongeze chumvi siku nyingine. Akala tena. Migomba ilikuwa nje, na hakuitazama.

"Marahaba, mwanangu," alimjibu. "Kesho uje na jembe. Nyumba yako nimeitaja ya mwisho, hukusikia kwa sababu ya injini yako."